Shajara ya mradi: simbilisi 60, maji ya machungwa na safu ya Df

Siku ya 1, Jumamosi

Nimejitwika mzigo mwenyewe. Kikundi chetu cha Jumamosi, watu saba wanaosota na tasnifu za uzamili pamoja na mimi niliyekwisha kuvuka mto huo, kimeniomba niandae somo moja la vitendo: ANOVA (uchambuzi wa variansi, yaani kulinganisha wastani wa makundi) ya njia mbili, vipengele viwili kwa pamoja, kwa makundi huru, kwenye programu ya takwimu ya R, kwa Kiswahili, kuanzia data ghafi hadi ile sentensi inayoingia kwenye sura ya matokeo. Saa mbili tu. Mahali ni palepale, chumba cha nyuma cha duka la steshenari hapa Iringa, katikati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya karatasi. Nimepewa wiki mbili.

Wamenichagua kwa sababu wanaijua aibu yangu. Kwenye tasnifu yangu nilikuwa na viwango vitatu vya mbolea: 0, 50 na 100. Nikaviingiza kwenye programu hivyohivyo, namba kama zilivyo. Programu haikulalamika. Ikanipa jedwali zuri lenye nyota, zile alama za matokeo yenye uzito, nikalichapa, nikajalidi, nikaenda kutetea. Mtahini wa nje akaweka kidole kwenye safu ya pili akauliza, "Kijana, viwango ni vitatu, mbona digrii ya uhuru ni moja?" Sikuwa na jibu. Nilikaa miezi miwili kwenye marekebisho.

Tangu siku ile jedwali la ANOVA nalisoma kuanzia safu ya Df, yaani digrii za uhuru: kipengele kina moja pungufu ya idadi ya viwango vyake, kwa hiyo viwango vitatu ni mbili. Thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hiyo kwa bahati tu) naifikia mwishoni, kama mwenye duka anayeinua noti kwenye mwanga kabla ya kurudisha chenji. Somo lote nitalijenga juu ya tabia hiyo. Haya mengine (kubonyeza wapi, kuandika amri gani) mtu anayapata popote.

Nimeamua kutumia R, si SPSS, kwa sababu moja ya kibahili: ni ya bure. Watu wanne kati ya saba wana nakala ya SPSS ambayo muda wake huisha kila baada ya wiki chache, na huisha usiku wa kuamkia kikao na msimamizi.

Siku ya 2, Jumapili

Data nimepata. Nilitaka kitu ambacho kila mtu anacho tayari bila kupakua chochote, maana bando ni bando. R inakuja na seti inayoitwa `ToothGrowth`: wanyama 60, chanzo cha vitamini C aina mbili (maji ya machungwa, yaliyofupishwa OJ, na asidi askobiki, VC), dozi tatu kwa siku (miligramu 0.5, 1 na 2), na kipimo kimoja: urefu wa odontoblasti, yaani seli zinazojenga jino. Makundi 6, wanyama 10 kila kundi. Jaribio lenyewe lilichapishwa na Crampton mwaka 1947.

Na wanyama wenyewe ni simbilisi! Nilicheka peke yangu. Huku Nyanda za Juu Kusini watu wanafuga simbilisi jikoni na nyuma ya nyumba, kwa hiyo sihitaji kumweleza mtu ni mnyama gani. Walichaguliwa kwa sababu simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Panya anaweza. Ukimnyima simbilisi majani mabichi anapata kiseyeye kama baharia wa zamani.

Kitu cha kwanza nilichoandika kwenye somo ni swali: je, kila mnyama yumo kwenye kundi moja tu? Si swali la kitoto. Maelezo ya zamani ya seti hii ndani ya R yaliandikwa kwa namna ambayo msomaji angeelewa kwamba simbilisi walikuwa 10, na kila mmoja alipimwa kwenye kila dozi na kila chanzo. Baadaye yakasahihishwa: ni simbilisi 60, kila mmoja dozi moja, chanzo kimoja. Namba ni zilezile kabisa kwenye faili, ila uchambuzi ni mwingine. Wanyama wangekuwa 10 wakirudiwa mara sita, ANOVA ya makundi huru ingekuwa kosa, kwa sababu vipimo sita vya mnyama mmoja vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Hakuna amri ya R itakayokuambia hilo. Anayejua ni aliyekuwa bandani siku ya kupima.

Siku ya 4, Jumanne

Leo sijagusa ANOVA. Nimetengeneza wastani wa makundi tu, kwa amri moja (`len` ni urefu, `supp` ni chanzo, `dose` ni dozi):

`with(ToothGrowth, tapply(len, list(supp, dose), mean))`

Nikanakili matokeo kwa mkono kwenye karatasi ya manila nitakayobandika ukutani:

Machungwa: 13.23 kwa 0.5, kisha 22.70 kwa 1, kisha 26.06 kwa 2.
Asidi: 7.98, kisha 16.77, kisha 26.14.

Nimekaa nikizitazama kwa muda. Hadithi nzima imo humo. Dozi ikipanda, seli zinarefuka, pande zote mbili. Machungwa yanaitangulia asidi kwa 5.25 kwenye dozi ndogo na 5.93 kwenye dozi ya kati. Kwenye dozi kubwa pengo linayeyuka, na asidi inatangulia kwa 0.08, ambayo ni sawa na hakuna.

Mtu akiuliza, "Kwa hiyo machungwa ni bora kuliko asidi?" jibu la haki ni: inategemea dozi. Hilo neno "inategemea" ndilo mwingiliano. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye manila. Nataka waone mwingiliano kwa macho kabla hawajaona F yake, namba ya jedwali inayoupima uzito wake, maana nimeshuhudia watu wakiripoti mwingiliano kwa nyota tatu bila kuweza kusema unaelekea wapi.

Mchoro nao uko tayari, `with(ToothGrowth, interaction.plot(dose, supp, len))`. Mistari miwili inayoanza ikiwa mbali na kumalizia ikiwa imekutana. Isingekuwa na mwingiliano ingepanda sambamba kama reli.

Siku ya 5, Jumatano

Leo nimekosea kwa makusudi. Nimeandika:

`summary(aov(len ~ supp * dose, data = ToothGrowth))`

Ile nyota katikati ni kifupi cha kusema: nipe athari ya chanzo, athari ya dozi, na mwingiliano wao. Mashine ikajibu bila kusita. Chanzo F 12.32, dozi F 133.42, mwingiliano F 5.33 wenye p ya 0.025. Vyote vina nyota. Mtu mwenye haraka anafunga kompyuta hapo anakwenda kula.

Soma Df sasa. Chanzo 1, sawa, maana vyanzo ni viwili. Dozi 1. Hapo simama. Dozi ni tatu, Df ilipaswa kuwa 2. Masalia (yale ambayo modeli haikuyaeleza) 56, yalipaswa kuwa 54. Ni kosa langu lilelile la mbolea, limevaa nguo za simbilisi.

Kilichotokea ni kwamba safu ya `dose` imehifadhiwa kama namba, kwa hiyo R imechora mstari mnyoofu kupitia 0.5, 1 na 2 badala ya kulinganisha makundi matatu. Mstari mnyoofu una madai yake: ukiongeza miligramu nzima, kutoka 1 hadi 2, ongezeko la urefu liwe mara mbili ya lile ulilopata kwa kuongeza nusu miligramu. Data inasema kinyume. Kutoka 0.5 hadi 1 wastani umepanda 9.13, kutoka 1 hadi 2 umepanda 6.37 tu. Mkunjo upo, na modeli imeufukia kwenye masalia.

Jambo linalonikera ni kwamba matokeo yanafanana. Nyota zipo kote, hitimisho la juujuu ni lilelile. Kosa lingeleta upuuzi wa wazi, kila mtu angelishtukia. Hili linakaa kimya hadi siku ya utetezi.

Dawa ni mstari mmoja:

`ToothGrowth$dose <- factor(ToothGrowth$dose)`

Kisha amri ileile tena:

```
            Df Sum Sq Mean Sq F value   Pr(>F)
supp         1  205.4   205.4  15.572 0.000231
dose         2 2426.4  1213.2  92.000  < 2e-16
supp:dose    2  108.3    54.2   4.107 0.021860
Residuals   54  712.1    13.2
```

1, 2, 2, 54. Jumla 59, ambayo ni 60 kutoa 1. Mwingiliano ni 1 mara 2. Masalia ni makundi 6, kila moja likitoa 10 kasoro 1. Kila namba imejieleza ilikotoka. Sasa ndiyo naruhusu jicho liende kulia.

Siku ya 7, Ijumaa

Umeme umekatika tangu saa tisa alasiri. Betri ya kompyuta nayo ni mzee, haina tena hata nusu saa. Basi nimechukua kikokotoo cha simu na karatasi ya manila nikajaribu kulijenga jedwali kwa mkono. Sikukusudia liwe sehemu ya somo, lakini sasa nadhani ndilo somo lenyewe.

Nimeanza na masalia, kwa sababu ndiko watu wanakopotea. Nilikuwa nimenakili variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya kila kundi: machungwa 19.89, 15.30 na 7.05; asidi 7.54, 6.33 na 23.02. Jumlisha, gawa kwa 6. Inatoka 13.19. Ndiyo ile 13.2 ya mstari wa mwisho! Basi ule mstari ambao wengi hawausomi hauna uchawi wowote: ni wastani wa jinsi simbilisi waliolishwa sawasawa walivyotofautiana wao kwa wao. Ndiyo kelele ya banda.

Kisha chanzo. Wastani wa wanyama 30 wa machungwa ni 20.66, wa asidi 16.96, tofauti 3.70. Mraba wake 13.69. Zidisha kwa 15 (30 mara 30, gawa kwa 60), inakuja 205.35. Gawa kwa 13.19 na F inatoka 15.57. Nilipoiona namba hiyo kwenye simu, gizani, mshumaa pembeni, nilipiga meza. Mke wangu akauliza kutoka chumbani kama umeme umerudi.

F ni hiyo basi: ukubwa wa tofauti kati ya makundi, ukipimwa kwa kelele iliyomo ndani ya makundi. Herufi yenyewe mwanatakwimu Snedecor aliiweka kwa heshima ya mwenzake Fisher. Na Fisher alipitia kwenye viazi: mojawapo ya ANOVA za kwanza kuchapishwa, yeye na Mackenzie mwaka 1923 huko Rothamsted, Uingereza, ilihusu aina za viazi mviringo zikiwekewa samadi na mbolea tofauti. Mbegu kwa mbolea, vipengele viwili. Mtu wa Njombe angejiona yuko nyumbani.

Siku ya 10, Jumatatu

Masharti ya ANOVA. Sitayarefusha, kwa sababu watu huyafanya kuwa ibada.

Usawa wa variansi: kipimo cha Levene, kutoka kifurushi cha `car`, kimetoa F(5, 54) = 1.71, p = 0.148. Variansi ya 23 na ya 6 zinatisha ukizitazama kwenye karatasi, lakini kwa wanyama 10 kila kundi, na makundi yakiwa na idadi sawa, ANOVA inastahimili.

Umbo la kengele (mgawanyo wa kawaida): kipimo cha Shapiro-Wilk kwenye masalia, W = 0.985, p = 0.669. Kwenye masalia, jamani. Si kwenye safu ghafi ya urefu. Safu ghafi ina makundi sita yenye wastani tofauti, hivyo hata kila kundi likiwa na kengele safi, mchanganyiko wao hauwi kengele. Nimeona tasnifu mbili ambazo mwanafunzi alipima safu ghafi, akakuta haifai, akakimbilia mbinu nyingine bila sababu.

Siku ya 11, Jumanne

Nimesakinisha kifurushi cha `emmeans`, cha kulinganisha wastani wa makundi. Kimekuja na ndugu zake, bando la siku likaisha kabla ya saa nne asubuhi.

Mwingiliano ukishakuwa na uzito, swali la "chanzo kipi ni bora kwa jumla" linapoteza maana, hata kama mstari wa `supp` una p ya 0.0002. Ile 3.70 ni wastani wa 5.25, 5.93 na −0.08. Haimwelezi mnyama yeyote: wa dozi ndogo na ya kati wamepata zaidi ya hapo, wa dozi kubwa hawajapata kitu. Kwa hiyo ninalinganisha vyanzo ndani ya kila dozi (`m` ni ile modeli ya `aov` baada ya kuirekebisha dozi):

`pairs(emmeans(m, ~ supp | dose))`

Dozi 0.5: tofauti 5.25, t = 3.23, p = 0.002. Dozi 1: tofauti 5.93, t = 3.65, p = 0.0006. Dozi 2: tofauti −0.08, t = −0.05, p = 0.96. Zote tatu zinatumia digrii 54 za uhuru, yaani kelele ya banda zima, si ya wanyama 20 wa dozi hiyo peke yao. Ukikata data vipande vitatu na kufanya jaribio la t mara tatu, faida hiyo unaitupa.

Nimezuia pia mtego wa kipimo cha Tukey, kinacholinganisha kila jozi, kwenye makundi yote sita. Jozi zinakuwa 15, na nyingi hazina maswali nyuma yake. Nani anataka kujua kama machungwa ya dozi 2 yanaizidi asidi ya dozi 0.5? Mimi nina maswali matatu. Hata nikiwa mkali, nikagawa 0.05 kwa 3 nikapata 0.017, mawili ya kwanza yanapita.

Jioni nilipita kwa mama jirani, anayefuga simbilisi kama ishirini hivi. Kamwene, kamwene, nikakaribishwa kigoda. Nikamweleza habari ya machungwa na jino. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha: "Mwanangu, sasa hao wa dozi kubwa wameshashiba. Ukishashiba, ugali wa kwangu na wa kwa shangazi yako si ni mmoja?" Nimeomba ruhusa niitumie darasani. Sina maelezo bora zaidi ya kwa nini mistari inakutana kwenye 2.

Sentensi ya ripoti (eta mraba sehemu humo ni kipimo cha ukubwa wa athari) nimeiandika hivi: Chanzo cha vitamini C na dozi viliingiliana, F(2, 54) = 4.11, p = 0.022, eta mraba sehemu = 0.13, maji ya machungwa yaliizidi asidi kwenye dozi ya 0.5 (tofauti 5.25, kati ya 1.99 na 8.51 kwa uhakika wa asilimia 95) na kwenye dozi ya 1 (5.93, kati ya 2.67 na 9.19), lakini kwenye dozi ya 2 hakukuwa na tofauti ya kutajwa (−0.08, kati ya −3.34 na 3.18).

Siku ya 13, Alhamisi

Hili nililiogopa tangu mwanzo, nikaliacha hadi leo: makundi yasiyolingana. Data ya vitabuni ni 10, 10, 10. Data ya watu ni 10, 7, 9, kwa sababu mnyama amekufa au mhojiwa amehama.

Nimewaua simbilisi watano kwenye karatasi. Nimefuta mistari mitano ya kwanza ya faili, ambayo yote ni asidi ya dozi 0.5: 4.2, 11.5, 7.3, 5.8 na 6.4. Wamebaki 55. Nikaendesha ANOVA mara mbili, tofauti ni mpangilio wa maneno tu.

Nikiandika `supp * dose`: chanzo kina jumla ya miraba (safu ya Sum Sq) 40.1, F = 2.92, p karibu 0.09. Hakuna nyota.

Nikiandika `dose * supp`: chanzo kina 142.7, F = 10.38, p karibu 0.002. Nyota mbili.

Data ni ileile, amri ni ileile, Df ni zilezile. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea kuandika. Hapa mlinzi wangu wa Df amelala: safu inasema chanzo 1, dozi 2, mwingiliano 2, masalia 49 pande zote mbili, na haina la kunionya zaidi ya hiyo 49, inayoniambia kwamba wanyama watano hawapo.

Sababu ukiichimba ni rahisi. Wale watano walitoka kundi fupi kuliko yote. Walipoondoka, wastani wa asidi kwa jumla ulipanda kutoka 16.96 hadi 18.95. Asidi haikuwa bora zaidi leo kuliko juzi. Imebakiwa na wanyama wengi wa dozi kubwa kuliko wa dozi ndogo, basi. `aov` hugawa sifa kwa foleni: anayetajwa kwanza anachukua chake chote, anayefuata anapata kilichobaki. Chanzo kikitangulia, kinapimwa kwa wastani ule uliochafuliwa na dozi. Dozi ikitangulia, inasawazishwa kwanza, ndipo vyanzo vinalinganishwa ndani ya dozi.

Makundi yakiwa sawa, foleni haina maana, kila anayekuja anapata kilekile. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza kozi nzima ya takwimu bila kukutana na jambo hili.

Kwa darasa nimeamua: makundi yasipolingana, tumia `Anova()` yenye A kubwa kutoka `car`, inayompima kila mmoja baada ya mwenzake (hii huitwa aina ya pili). SPSS ina chaguo lake la kawaida, aina ya tatu, inayompima kila mmoja baada ya wengine wote, hata mwingiliano, na hapo ndipo ugomvi wa wanafunzi wawili wenye data moja na majibu mawili unapozaliwa. Mtu akitaka aina ya tatu ndani ya R lazima abadilishe kwanza namna ngazi zinavyowekewa namba, kwa `contr.sum`, la sivyo mistari ya athari kuu itakuwa takataka. Nitalisema mara moja tu, kisha nitasisitiza jambo lililo muhimu zaidi: andika kwenye tasnifu umetumia aina ipi.

Siku ya 15, Jumamosi

Somo limefanyika. Walikuja sita, wa saba ana harusi ya dada yake. Fotokopi ilinguruma muda wote.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilipowaonyesha jedwali lenye kosa na kuwaambia watafute tatizo, watano walikwenda moja kwa moja kwenye nyota. Mmoja tu, dada anayesomea mazao, alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kaka, dozi ni tatu." Nikajua nimepata mtu. Ugali wa shangazi ulieleweka kuliko mchoro.

Saa ya pili yule dada akafungua data yake: aina tatu za maharage (Lyamungo 90, Jesca na Uyole 96), viwango vinne vya mbolea, ndoo nne kila mchanganyiko, zimepangwa kwa bahati nasibu kwenye kibanda cha neti. Ndoo 48. Nikamwambia kabla hujaendesha, andika Df unazozitegemea. Akaandika kwenye kiganja: 2, 3, 6, 36.

Akaendesha. Ikatoka 3, 3, 6, 32.

Chumba kikanyamaza. Akaanza na jumla: 44, kwa hiyo ndoo 45, tatu hazipo. Kweli, chini ya jedwali kulikuwa na mstari mdogo unaosema data tatu zimeachwa. "Kuku," akasema. "Kuku waliingia Februari." Alikuwa amesahau kabisa.

Lakini maharage yenye Df 3 maana yake ni aina nne, na yeye alipanda tatu. Akaita `table(d$aina)`. Lyamungo 90, Uyole 96, Jesca, na Jesca tena, yenye ndoo moja peke yake. Tukatazama Jesca mbili zile kwa muda, herufi kwa herufi, hadi kijana aliyekaa karibu na mashine akagundua kwamba ya pili ina nafasi tupu nyuma ya herufi a. Mtu aligusa kitufe cha nafasi siku ya kuingiza data, na kwa R hilo ni harage jipya.

Amri ya `trimws()`, kisha tena. 2, 3, 6, 33.

"Thelathini na tatu na kuku watatu," akasema, "thelathini na sita." Akafuta kiganja kwa kitambaa. Makundi yake sasa hayalingani, kwa hiyo jedwali la `aov` hatulitumii. Jumatatu anarudia kwa `Anova()`, nami nimemwahidi kumtumia skripti usiku huu umeme ukiwepo.